Kasoro za Umeme katika Trekta Dogo la Zamani

Msimu wa kulima ukifika, trekta dogo lililokaa bandani miezi kadhaa aghalabu hukataa kuwaka. Ufunguo ukizungushwa, husikika mlio mmoja mkavu, kisha kimya. Mwenye trekta huwasha taa, akaona zinang'aa vizuri, akakata shauri kwamba stata, yaani mota inayogeuza injini, imekufa. Mwingine hukimbilia kununua betri mpya. Mara nyingi wote wawili hupoteza fedha bure, kwani kasoro imo katika maungio ya waya.

Kanuni iliyoelezwa na mwanasayansi wa Kijerumani, Georg Simon Ohm, mwaka 1827, hufafanua jambo hili. Volti zinazopotea mahali popote katika njia ya umeme ni sawa na mkondo, kwa ampea, ukizidishwa kwa ukinzani wa mahali hapo, kwa omu. Njia ya kurudia umeme katika trekta ni chuma chake chenyewe, ambacho huunganishwa na betri kwa waya mnene ambao mafundi huuita ethi. Ikiwa ungio la ethi limeingia kutu na kuwa na ukinzani wa omu 0.03, taa zinazotumia ampea 4 hupoteza hapo volti 0.12 tu, wala jicho halitambui tofauti. Lakini stata ikivuta ampea 100, ungio hilohilo hula volti 3, yaani robo ya volti 12 za betri. Nguvu hiyo, wati 300, hugeuka joto. Ndiyo sababu ungio bovu huwa la moto baada ya majaribio machache ya kuwasha injini.

Kwa hiyo kupima njia ya umeme wakati haina kazi hakutoshi. Sharti ipimwe wakati stata inavuta. Mita ya volti na msaidizi mmoja, aliyeketi kitini na gia ikiwa huru, vyatosha.

Kwanza, betri iliyotulia kwa saa kadhaa ipimwe. Ikiwa imejaa, huonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha 12.0, chaji iliyobaki ni kidogo, nayo ichajiwe kabla ya kuendelea.

Pili, waya mmoja wa mita uguse ncha ya betri iliyofungwa ethi, na wa pili uguse chuma cha injini. Msaidizi azungushe ufunguo. Mita ikizidi nusu volti, ungio la ethi lina kasoro.

Tatu, kipimo hicho kirudiwe kati ya ncha nyingine ya betri na skrubu nene ya stata. Kabla ya ufunguo kuzungushwa, mita huonyesha volti zote za betri. Stata ikivuta, yapasa zishuke chini ya nusu volti. Zisiposhuka kabisa, swichi ya stata haiungi, au swichi ya usalama ya gia, klachi au kiti imekatika. Pande zote mbili zikiwa nzima na betri isishuke chini ya volti 10, hapo ndipo stata yenyewe ishukiwe.

Dawa ya ungio bovu ni rahisi. Lifunguliwe, chuma kisuguliwe kwa msasa mpaka king'ae, lifungwe kwa nguvu na kupakwa grisi kwa nje. Ethi itangulie kufunguliwa na iwe ya mwisho kufungwa, ili spana isipige cheche, kwani betri hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Isidhaniwe kwamba ethi ni hasi daima: Ferguson TE20, lililoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1946, lilifungwa ncha chanya kwenye chuma chake.

Kuna desturi moja ya kuachwa kabisa, nayo ni kuunganisha skrubu za stata kwa bisibisi huku mtu amesimama kando ya gurudumu. Kufanya hivyo huikwepa swichi ya usalama. Gia ikiwa imeingia, injini huwaka na trekta huondoka papo hapo, likamkanyaga aliyeliwasha. Watu wamekufa kwa namna hiyo, hali kipande cha msasa kingaliweza kuondoa kasoro yenyewe.