Mkulima, onja kahawa yako kabla ya mnunuzi

WAKULIMA wengi wa kahawa mkoani Kilimanjaro huijua kahawa yao kwa macho na kwa mizani. Nyumbani hunywa chai. Lakini katika mnada wa Moshi, wanunuzi huonja sampuli kabla ya kutaja bei. Hivyo anayeuza ndiye asiyejua anauza nini.

Msimu mmoja, marehemu baba aliambiwa kahawa yake imeshuka daraja. Aliamini ameonewa hadi anafariki. Miaka mingi baadaye nilipojifunza kuonja, nilikutana na kikombe kinachonuka kama ndizi zilizopitiliza. Nikakumbuka matunda tuliyoyalaza kwenye magunia tukisubiri zamu ya mashine ya kumenyea. Huenda hakuonewa.

Kuonja hakuhitaji maabara. Kaanga kahawa kiasi, isiungue, kisha isage iwe chengachenga. Weka gramu 8 hivi katika kikombe cha mililita 150, unuse ikiwa kavu. Mimina maji yaliyotoka kuchemka, subiri dakika 4, halafu vunja utando wa juu kwa kijiko huku pua ikiwa karibu. Ondoa povu. Ikipoa kidogo, chota kijiko uivute kwa kelele ili ienee mdomoni, kisha iteme. Rudia inapozidi kupoa, kwani kasoro nyingi hujificha kwenye joto.

Uchachu mwanana wa chungwa au limau ni sifa ya arabika ya milimani, usiuogope. Ukali wa siki au harufu ya kuoza hutokana na matunda kuchelewa kumenywa, au kuchachuka kupita kiasi. Ladha ya udongo au ukungu hutokana na kuanika chini au kuhifadhi kahawa isiyokauka.

Kwa hiyo kila kasoro ina mahali pake pa kurekebisha: chuma matunda mekundu tu, menya siku hiyo hiyo, anika juu ya vichanja, na hifadhi unyevu ukiwa kati ya asilimia 11 na 12.

Wakulima wachache wakichangia kikaango, mizani ndogo na vikombe, wanaweza kuonja kahawa ya kila mmoja kabla ya kuipeleka chamani. Mwenye kujua ladha ya mali yake huuliza maswali anapopangiwa daraja. Asiyejua hupokea anachopewa, kisha hurudi nyumbani akinung'unika kama baba yangu.