Ufa wa Injini Hauzibwi kwa Gundi

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nimeona kwa mafundi wetu wa Mombasa kwamba ufa wa kasha la injini ya pikipiki kuukuu hupanuliwa kwanza, ndipo ukazibwa. Fundi hodari huliosha kasha hata isisalie oili, akatoboa kwa keekee kila ncha ya ufa usizidi kukimbia, akauchimba kwa tupa. Kisha hulipasha moto na kuliunga kwa umeme na gesi ya agoni, tena kwa hadhari, maana alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila hata kuwa nyekundu. Apakaye gundi juu ya oili ni kama atubuye kwa ulimi tu. Njiani oili huvuja, injini ikakaza, gurudumu likagoma, na roho ya mwana wa watu ikawa hatarini. Ndugu, safisha kwanza.