Jaji Ramadhani na kesi ya mgombea binafsi

MAREHEMU Jaji Augustino Ramadhani, aliyefariki dunia Aprili 28, 2020, aliingia Mahakama ya Rufani mwaka 1989, akitokea wadhifa wa Jaji Mkuu wa Zanzibar.

Juni 2010, akiwa Jaji Mkuu wa Tanzania, aliongoza jopo la majaji saba lililotengua hukumu ya mwaka 2006 iliyoruhusu mgombea binafsi, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila. Jopo halikusema jambo hilo ni baya. Lilisema mwenye kuliamua ni Bunge.

Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ilimpa Mtikila ushindi. Ramadhani, ingawa alikuwa jaji wake, hakuisikiliza: Mtanzania haamui shauri dhidi ya Tanzania. Tume ya Katiba, yeye akiwa Makamu Mwenyekiti, nayo ikapendekeza mgombea binafsi aruhusiwe.