Hija Salama: Funzo la Tobiti kwa Anayepanda Teksi Ugenini



Ndugu waamini, katika parokia zetu safari ya mtu mmoja kwenda Roma hubeba akiba ya miaka mingi, mchango wa watoto, na mara nyingi bahasha ya Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo iliyomkabidhi hujaji nia zake. Ndiyo maana inauma sehemu ya fedha hiyo inapopotea ndani ya saa ya kwanza, mikononi mwa dereva wa teksi.

Hata sisi tuliwahi kuangukia shimo hilo. Tulipotua uwanja wa ndege wa Fiumicino tukiwa wanne, mtu nadhifu mwenye kitambulisho shingoni alitupokea ukumbini, akatubebea mizigo hadi kwenye gari lisilo na maandishi yoyote. Tuliona haya kuuliza nauli. Mwisho wa safari alidai yuro 130, zaidi ya laki tatu za shilingi zetu. Tulilipa, na tuliporudi nyumbani tukanyamaza kwa aibu. Miezi michache baadaye mahujaji wa parokia jirani walitozwa vivyo hivyo, mahali palepale. Ukimya wetu ulikuwa umewagharimu wenzetu. Leo tunauvunja.

Maandiko Matakatifu yanatupatia mwalimu wa jambo hili. Katika sura ya 5 ya Kitabu cha Tobiti, mzee Tobiti, akiwa kipofu, anamtuma mwanawe Tobia safari ya mbali kufuata fedha iliyowekwa amana huko Media. Anapoletewa mtu wa kumsindikiza kijana, hatosheki na maneno yake mazuri. Anamuuliza ukoo na kabila lake, kisha anamtajia ujira: drakma moja kwa siku, pamoja na mahitaji ya njiani. Baada ya hapo ndipo safari inaanza. Msindikizaji yule alikuwa Malaika Mkuu Rafaeli, naye hakuchukizwa na maswali. Ikiwa malaika alikubali kuulizwa, dereva mwaminifu hatakataa.

Kwanza: mjue anayekuchukua. Teksi halali za Roma ni nyeupe. Zina taa yenye neno TAXI juu ya paa, na mlangoni zina nembo ya Jiji pamoja na namba ya leseni. Husubiri abiria kwa foleni nje ya jengo. Anayekufuata ndani ya ukumbi akinong'ona “taxi, taxi” ni sawa na wapiga debe tunaowajua katika stendi zetu za mabasi. Mshukuru kwa upole, shika mizigo yako mwenyewe, nenda kwenye foleni.

Pili: patana kabla ya kuondoka. Kutoka Fiumicino hadi ndani ya kuta za kale za Kaisari Aureliano, Jiji la Roma limepanga nauli moja isiyobadilika. Katika miaka ya karibuni imekuwa kati ya yuro 48 na 55. Uliza kiwango cha sasa kabla ya kusafiri. Nauli hiyo ni ya gari zima, si ya kila kichwa, hadi abiria wanne, mizigo ikiwemo. Stesheni ya Termini, Basilika la Mtakatifu Yohane wa Laterano na lile la Bikira Maria Mkuu yamo ndani ya kuta. Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, kama jina lake linavyotangaza, halimo, na nyumba nyingi za watawa zinazopokea mahujaji ziko nje pia. Ukielekea huko, muulize dereva kama ipo nauli iliyopangwa. Kama haipo, hakikisha mita imewashwa gari linapoanza kwenda. Hujaji aliye peke yake anaweza kupanda treni ya Leonardo Express hadi Termini: ni mwendo wa takribani nusu saa, na tiketi imekuwa yuro 14. Mkiwa wanne, teksi halali hugharimu karibu sawa na treni.

Tatu: lipa macho yakiwa wazi. Wapo wanaopokea noti ya 50, wakaificha, kisha wakaonesha ya 5 wakidai umekosea. Taja thamani ya noti kwa sauti unapoitoa, au lipa kwa kadi, kwani sheria ya Italia inamtaka dereva aipokee. Omba risiti, “ricevuta”, na uandike namba ya leseni. Ukidaiwa kupita kiasi usiku au mahali pa upweke, usigombane: uhai ni bora kuliko fedha. Toa taarifa baadaye kwa polisi na kwa kiongozi wa hija.

Wengine hudhani kwamba kuuliza hivi ni kukosa upendo. Sivyo. Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wake akiwataka wawe na busara ya nyoka pamoja na unyofu wa njiwa (rej. Mt 10:16). Aliyedanganywa hana dhambi wala sababu ya kuona aibu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inahesabu kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine miongoni mwa makosa dhidi ya amri ya saba. Na namba 2412 inadai kwamba kilichoibwa kirudishwe.

Fundisho hilo linatuhusu na sisi nyumbani. Miongoni mwa waamini wetu wapo madereva wa teksi, bajaji na bodaboda. Mgeni anaposhuka akiwa hajui njia wala bei, tukamtoza mara tatu tukisema “huyu ana fedha”, tunatenda kosa lilelile tunalolilalamikia Roma. Ugeni wa mtu si mtaji wetu.

Tunawasihi viongozi wa vikundi vya hija wasome mambo haya pamoja na mahujaji kabla ya kuondoka. Na aliyewahi kulaghaiwa asinyamaze; ushuhuda wake ni tendo la huruma kwa atakayefuata.

Malaika Mkuu Rafaeli, mwenzi wa wasafiri, utuombee.