Sura ya Saba: Mfumo Unapogoma Kuingia

Anayetoka Faza kuja Amu na laptopu mkobani hufuata maji, kwa kuwa mlango wa Mkanda una kina kidogo na boti hupita bahari ikijaa. Akirudi nyumbani na mashine isiyowaka, nauli imekwenda na siku imekwenda. Ndiyo maana sipendi fundi anayebahatisha.

Tangu Microsoft ikome kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, tarehe 14 Oktoba 2025, wenye mashine kuukuu wamebanwa. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, nayo laptopu ya 2010 haina. Linux inaikubali, ila tazama prosesa kwanza: kama ni ya biti 32, Debian 13 haina kisakinishi chake, lakini Debian 12 inacho.

Usakinishaji ukikatika, usikimbilie kulaumu diski. Uliza umekatikia wapi, kisha rudia uone kama unakatikia palepale. Ukikwama mahali pamoja kila mara, shuku faili. Faili la gigabaiti kadhaa likishushwa kwa bando la simu, mtandao ukipotea katikati, linaweza kufika na kasoro usiyoiona kwa macho. Piga hesabu yake ya SHA-256, ulinganishe herufi na tarakimu zote 64 na zile zilizotolewa na watengenezaji. Zikitofautiana hata moja, shusha upya. Zikilingana, jaribu flashi nyingine.

Ukikwama kila mara mahali tofauti, habari ni nyingine. Mwalimu mmoja aliniletea laptopu iliyosimama kwenye asilimia 30, kisha 70, kisha 12.

“Fundi, nimeambiwa diski imekufa, ninunue nyengine.”

“Subiri kwanza, mwalimu.”

Nilifungua skrubu mbili za kifuniko cha chini nikaichomoa RAM. Meno yake, yanayopaswa kung’aa kama dhahabu, yalikuwa yamefifia, yana utando wa kahawia. Hewa ya chumvi inayokula bawaba za milango yetu haiachi kitu. Niliyasugua taratibu kwa raba ya penseli, nikapangusa kwa spiriti, nikairudisha mpaka ikalia “tak”. Usiku kucha Memtest86+ iliipima bila kuona kosa hata moja. Asubuhi mfumo uliingia hadi mwisho.

Tulipoiwasha upya, kioo kikabaki cheusi na ujumbe kwamba hakuna mfumo. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na inaniuma, kwa sababu mfumo umo ndani mzima. Nilitazama saa ya mashine: ilisema 2009. Betri ndogo ya ubao mama, ile CR2032 ya volti 3 yenye umbo la sarafu, ilikuwa imekwisha. Ikiisha, mashine husahau mipangilio na kurudia ya kiwandani. Sisi tulisakinisha kwa njia ya UEFI. Yenyewe, baada ya kuzimwa, ilirudi kwenye BIOS ya zamani, ikawa inatafuta mlango ambao hatukuujenga.

Nikabadilisha betri, nikarekebisha tarehe, nikachagua UEFI. Ikawaka. Sikumkabidhi bado. Nilichomoa umeme na betri kubwa, nikangoja nusu saa, nikaiwasha tena mbele yake. Saa ilikuwa sahihi.