Msaidizi wa akili bandia katika dirisha la amri: Mambo yanayofaa kuimarishwa kabla ya kumwamini

FAILI mia moja zaweza kugeuka faili moja kwa sekunde chache tu, na tarakilishi isitoe hata onyo moja.

Hali hiyo huzuka hivi. Mtumiaji humwagiza msaidizi wa akili bandia ahamishe faili zake zote hadi katika folda mpya. Msaidizi hutoa amri ya kuunda folda hiyo, lakini amri inakwama. Bila kutambua kwamba folda haipo, huendelea kuhamisha faili mojamoja kwa amri ya "mv", inayotumika katika mifumo ya Linux na macOS.

Kwa kuwa folda haipo, faili ya kwanza hupewa jina lililokusudiwa kuwa la folda. Ya pili nayo hupewa jina lilo hilo na kuifuta ya kwanza. Hatimaye husalia ya mwisho pekee, ilhali msaidizi hutangaza kwamba kazi imekamilika.

Kosa la aina hii ndilo linaloonyesha kwa nini waundaji wa programu hizi hawana budi kushughulikia mambo matatu: namna zinavyosakiniwa, namna zinavyostahimili hitilafu, na namna zinavyofanya kazi katika tarakilishi za aina mbalimbali.

Dirisha la amri ni mahali ambapo mtumiaji huandika maagizo kwa maneno badala ya kubofya picha kwa kipanya. Ni mtindo mkongwe, lakini ulipata uhai mpya mwaka wa 2025. Kampuni ya Anthropic ilizindua Claude Code mwezi Februari, OpenAI ikafuata na Codex CLI mwezi Aprili, nayo Google ikatoa Gemini CLI mwezi Juni.

Tofauti kati ya wasaidizi hawa na wale wa kujibu maswali tu ni kubwa. Anayejibu akikosea, mtumiaji hupata jibu baya. Anayetenda akikosea, kazi ya miezi kadhaa yaweza kupotea.

Usakinishaji

Zilipozinduliwa, programu hizo tatu zilitegemea mfumo wa Node.js. Mtumiaji alilazimika kwanza kuwa na toleo lifaalo la Node.js ndipo apakue msaidizi mwenyewe. Aliyekuwa na toleo la zamani alikumbana na ujumbe wa hitilafu hata kabla ya kuandika agizo lake la kwanza.

Katika mwaka uo huo wa 2025, OpenAI ilianza kuiandika upya Codex CLI kwa lugha ya Rust, nayo Anthropic ikatoa njia ya kusakinisha Claude Code isiyohitaji Node.js. Faida yake ni kwamba mtumiaji hupakua programu iliyokamilika, yenye kila kitu inachohitaji.

Hata hivyo, kupakua pekee hakutoshi. Tarakilishi huwa na orodha ya folda inamotafuta programu, iitwayo PATH. Ikiwa folda ya msaidizi haimo katika orodha hiyo, tarakilishi hujibu kwamba amri haijulikani, ingawa programu imo. Kisakinishi kizuri huiongeza folda hiyo au humweleza mtumiaji waziwazi jinsi ya kuiongeza.

Kadhalika, kuna suala la ufunguo wa siri unaomtambulisha mtumiaji na ambao kwao hutozwa malipo. Ufunguo huo haufai kuandikwa ndani ya faili za mradi, kwani mradi ukichapishwa mtandaoni, yeyote ataweza kuutumia kwa gharama ya mwenyewe. Mahali pake ni katika hifadhi ya siri ya tarakilishi.

Aidha, programu nzuri hujipima yenyewe. Claude Code, kwa mfano, ina amri iitwayo "doctor", yaani daktari, inayochunguza iwapo usakinishaji uko sawa.

Kutegemewa

Akili inayowaongoza wasaidizi hawa kwa kawaida haimo ndani ya kipakatalishi cha mtumiaji. Imo katika seva za mbali, na kila agizo husafiri kwa intaneti.

Wakazi wa Afrika Mashariki wanajua udhaifu wa safari hiyo. Mnamo Mei 12, 2024, hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilivuruga huduma za intaneti nchini Kenya, Tanzania na mataifa jirani.

Mawasiliano yanapokatika, msaidizi mzuri hakati tamaa papo hapo, wala haibishi seva bila kupumzika. Hungoja sekunde moja, kisha 2, kisha 4, kisha 8, akiongeza muda kila anapojaribu. Baada ya majaribio kadhaa husimama na kumweleza mtumiaji kilichotokea. Mazungumzo nayo huhifadhiwa katika diski ili kazi iendelee pale ilipoishia.

Lakini si kila jambo linafaa kurudiwa. Kuomba jibu mara mbili hakudhuru, ilhali kutuma malipo mara mbili ni balaa. Sharti programu itofautishe mambo hayo.

Fauka ya hayo, kila amri inapomalizika huacha nambari. Sufuri humaanisha imefaulu, na nambari nyingine yoyote kwa kawaida huashiria imeshindwa. Iwapo msaidizi wa faili mia moja angalisoma nambari hiyo, kisha akahakikisha kwamba folda ipo, hakuna faili ambayo ingalipotea.

Mifumo tofauti

Tarakilishi nazo hazizungumzi lugha moja. Windows kwa kawaida hutenganisha majina ya folda kwa mkwaju ulioinamia nyuma, huku Linux na macOS zikitumia ulioinamia mbele. Linux huzihesabu "Ripoti" na "ripoti" kuwa faili mbili, lakini kwa kawaida Windows na macOS huziona kuwa moja. Hata mwisho wa mstari hutofautiana: Windows huuonyesha kwa alama mbili zisizoonekana, mifumo hiyo mingine kwa alama moja.

Hapo awali, aliyetaka kutumia Claude Code katika Windows alihitaji kwanza kuweka WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Baadaye mwaka wa 2025, programu hiyo iliwezeshwa kufanya kazi katika Windows moja kwa moja. Kwa mwanafunzi mwenye kipakatalishi chenye nafasi finyu, hatua moja kupungua si jambo dogo.

Dawa ya tofauti hizi ni majaribio. Kila programu inapobadilishwa, yafaa ijaribiwe katika mifumo yote mitatu kabla ya kutolewa kwa umma. Huduma kama GitHub Actions hutoa mashine za Linux, Windows na macOS kwa kazi hiyo, hivyo mwundaji halazimiki kumiliki zote.

Mtumiaji naye ana wajibu. Yafaa amjaribu msaidizi katika folda yenye nakala, wala si faili halisi. Yafaa ahifadhi hali ya mradi wake kwa Git kabla ya kutoa agizo, ili aweze kurejea nyuma. Zaidi ya yote, msaidizi anapoomba idhini ya kufuta au kuhamisha kitu, asome amri hiyo kwanza ndipo akubali.

Tahadhari ni kabla ya hatari, na faili iliyofutwa bila nakala huenda isipatikane tena.