Soh Chin Aun, Nguzo ya Ulinzi wa Malaysia

Katika kandanda mfungaji ndiye hushangiliwa. Mlinzi hukumbukwa siku anapokosea. Soh Chin Aun wa Malaysia, aliyezaliwa mwaka 1950, aliivunja desturi hiyo. Washabiki walimwita "Towkay", yaani bwana mkubwa, kwa jinsi alivyoitawala ngome na kuwaongoza wenzake.

Mwaka 1972 alikuwamo katika kikosi kilichokwenda Michezo ya Olimpiki mjini Munich. Huko Malaysia ilifungwa na Ujerumani Magharibi mabao 3-0 na Morocco 6-0, lakini iliishinda Marekani 3-0. Mwaka 1974 ikatwaa medali ya shaba katika Michezo ya Asia mjini Tehran.

Mtihani mzito ulikuja mwaka 1980, Soh akiwa nahodha. Mjini Kuala Lumpur, Malaysia iliilaza Korea ya Kusini mabao 2-1, ikajipatia tena nafasi ya Olimpiki, safari hii mjini Moscow. Hata hivyo, nchi yao ilijiunga na mataifa yaliyoisusia michezo hiyo kwa sababu ya majeshi ya Umoja wa Kisovyeti kuingia Afghanistan. Nafasi yao ikapewa Irak, nayo ikafika robo fainali. Wenye haki ya kucheza wakabaki nyumbani.

Soh hakususa. Aliendelea kuitumikia timu ya taifa hadi mwaka 1984, akatimiza mechi 195 za kimataifa kwa hesabu ya FIFA. Lakini tangu Munich, Malaysia haijacheza tena kandanda ya Olimpiki.